Kabla Hujamlaumu Jirani, Soma Mita

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe, kabla mtu hajalichimbua na kuniletea hapa.

Mwaka jana niliweka video fupi. Ilionyesha kamba za nguo nyuma ya ploti yetu hapa Zimmerman: mashuka ya watu, yunifomu za shule, jinzi kama kumi hivi, zote zinadondosha maji. Sikuonyesha uso wa mtu. Juu yake niliandika tu, "Biashara ni ya mtu mmoja, bili ya maji ni yetu sote." Manze, hiyo video ilitembea kuliko kitu chochote nilikuwa nimewahi kuweka. Watu walicheka, wakatumiana, kila mtu akasimulia stori ya mama fua wa kwao. Na pale ploti hakuna aliyehitaji kuona uso. Sisi sote tulijua ni kamba za nani.

Tulikuwa tunamwita Mathe. Aliishi nyumba ya chini kabisa na watoto wawili, akifulia watu nguo. Siku zingine alienda kwao, siku zingine alibeba mzigo akafulia kwake. Mwisho wa mwezi ule ule alihama. Hakuna aliyemfukuza rasmi. Alichoka tu kusalimiwa vibaya kwa ngazi.

Hebu nieleze mambo ya pesa, kwa sababu hapo ndipo ujinga wetu ulianzia. Ploti yetu ina nyumba 20, orofa tano, nne kila orofa. Mita ni moja tu, iko karibu na geti, ndani ya kisanduku cha simiti chenye kifuniko cha chuma. Bili ikija, lando anagawanya kwa idadi ya nyumba zenye watu. Kwa muda mrefu ilikuwa kama 450 kila nyumba. Ikapanda hadi 560. Mwezi uliofuata, 700. Lando akaandika kwa grupu ya WhatsApp: "Mnatumia maji vibaya, mjirekebishe." Basi tukaanza kutafutana. Nani ana mashine ya kufua? Nani anaoga mara tatu? Na jibu lilikuwa pale nje, limeanikwa kwa kamba.

Mathe akahama. Bili iliyofuata ikaja 740.

Nilirudia hiyo meseji mara mbili. Elfu 14 ya ploti nzima kugawanya kwa 20 ni 700. Kugawanya kwa 19 ni karibu 740. Kumaanisha bili ya ploti haikushuka hata kidogo. Mtu tuliyesema anatumaliza maji alikuwa ameondoka na ndoo zake, na maji yalikuwa yanaenda vile vile.

Hapa wacha niongeze kitu ambacho wasee wa karibu wanajua. Niliacha chuo mwaka wa pili. Kozi ilikuwa uhandisi wa ujenzi. Yaani mimi nimekaa kwa mtihani nikaandika mlinganyo wa Bernoulli kutoka kichwani, nikapata alama nzuri, na sikuwa nimewahi kufunua kile kifuniko cha chuma kuona mita ya ploti yangu inafanana aje. Siwalaumu walimu. Lakini inachekesha, kwa njia mbaya.

Nilimwendea keateka wetu. Tunamwita Guka ingawa nadhani hajafika hata sitini. Nikamwambia nataka kuona mita. Akaniuliza, "Unataka kuona ya nini, kijana? Kwani wewe ni kampuni?" Nikamwambia nataka kujua maji yanaenda wapi. Alinyamaza, akaenda kuchukua chuma ya kufungulia. Baadaye aliniambia yeye mwenyewe alikuwa anashangaa, kwa sababu pampu ya kupeleka maji juu ilikuwa inawaka mara nyingi kuliko zamani. Hakuna aliyemuuliza.

Mita si kitu cha ajabu. Namba nyeusi ni yuniti. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Namba nyekundu, au vile visaa vidogo vyenye mshale mwekundu, ni vipande vya yuniti. Halafu kuna kigurudumu kidogo, mara nyingi kama nyota, ambacho huzunguka hata maji yakipita kidogo sana. Hicho kinyota ndicho rafiki yako. Kama una nyumba yenye mita yako mwenyewe, funga mifereji yote, usiguse choo, zima mashine ya kufua kama unayo, kisha nenda ukaangalie kinyota. Kikizunguka, kuna maji yanatoka mahali usipopaona. Kama kuvuja ni polepole sana kiasi kwamba huoni kikisonga, andika namba zote usiku kabla ya kulala, pamoja na zile nyekundu, kisha uangalie asubuhi kabla mtu yeyote hajaenda choo. Piga picha na simu. Picha ina saa na tarehe, na utaihitaji siku ya kubishana.

Lakini kuna mtego, na watu wengi wanaofundisha haya mambo mtandaoni wako nchi ambazo maji hayakatiki, kwa hivyo hawausemi. Nairobi maji yanakuja kwa zamu. Kama uko na tangi, mita inaweza kuzunguka masaa mengi bila kuvuja kokote, kwa sababu tangi linajaa. Lazima usubiri lijae na boya lifunge. Na pia siku maji yanaporudi baada ya kukatika, kwanza hewa ndiyo inasukumwa kwa paipu, na hewa inaweza kuzungusha mita. Usipime dakika hiyo, subiri mtiririko utulie.

Kwetu ilikuwa ngumu zaidi. Maji ya mita yanaingia tangi la chini ya ardhi, pampu inayapeleka tangi la juu, ndiyo yanashuka kwa nyumba. Kinyota cha mita hakiwezi kukuambia ni nyumba gani. Kinaweza kukuambia tu kwamba ploti inakunywa. Kwa hivyo tulifanya kama mtu anayetafuta ufunguo aliopoteza: tukaanza kuondoa mahali ambapo haupo.

Usiku wa kwanza tulifunga koki iliyo baada ya mita. Kinyota kikasimama. Sawa, kipande kile cha paipu kati ya mita na koki ni kizima. Kisha Guka akazima pampu, tukachora mstari wa chaki ndani ya tangi la chini, pale maji yalipofika. Tukapanda juu na tochi, tukaweka alama kwa tangi la juu pia. Ni lile jeusi la plastiki, la lita 5,000. Hiyo ilikuwa saa 6 usiku. Saa 11 alfajiri tukarudi. Chini, maji yalikuwa pale pale kwa mstari. Juu, yalikuwa yameshuka sentimita 12.

Sentimita 12 inaonekana kama si kitu. Nilikaa hapo juu ya paa, baridi inaniuma, nikapiga hesabu kwa simu. Tangi lina upana wa kama mita 1.8. Ukizidisha eneo lake na sentimita 12, unapata kama lita 300. Kwa masaa matano. Toa za watu wachache walioamka kwenda choo, bado unabaki na karibu lita 60 kila saa, lita moja kila dakika, wakati ploti nzima imelala. Kwa siku ni lita 1,440. Kwa mwezi ni yuniti 43 na kitu, zaidi ya mitungi 2,100. Mathe angefua nguo za mtaa mzima na hangefikisha hiyo.

Kampuni za maji zenyewe hutumia ujanja huo huo. Hupima maji yanayoingia mtaani kati ya saa 8 na saa 10 za usiku, wakati watu wamelala, kwa sababu kinachopita saa hizo kwa wingi mara nyingi ni kuvuja. Na wana sababu ya kuwa na wasiwasi. Ripoti za WASREB, wale wanaosimamia sekta ya maji, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayotayarishwa nchini hayalipiwi na mtu. Mengine yanavuja, mengine yanaibwa, mengine yanapita kwa mita mbovu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi inatoka Ndakaini, kule Murang'a. Yasafiri mpaka huku, yasafishwe, yasukumwe na pampu inayokula stima, halafu yamwagike ndani ya ukuta wa ploti Zimmerman. Lakini sitaki kujificha nyuma ya serikali leo. Serikali nitaisema siku nyingine.

Usiku wa pili tulifunga paipu zote nne zinazoshuka kutoka tangi la juu. Kila paipu inalisha nyumba tano, moja juu ya nyingine. Maji hayakushuka. Tukafungua moja moja, saa nzima kila moja. Ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Ya tatu, alama ikaanza kuachwa nyuma. Guka akaniangalia. Safu ya tatu ndiyo yangu.

Asubuhi nikanunua rangi ya keki, nyekundu, ile ndogo ya dukani. Kama hauna, kahawa nyeusi kali pia inafanya kazi. Unafunua tangi la choo, unamimina rangi, unakaa nusu saa bila kuflashi. Kama rangi inaonekana kwa bakuli, basi raba iliyo chini ya tangi haizibi, na maji yanapita hapo usiku na mchana bila sauti, kwa mkanda mwembamba nyuma ya bakuli ambao jicho halioni. Usitumie rangi ya nguo, itakuachia madoa. Na ukimaliza kupima, flashi mara moja. Angalia pia lile bomba la kusimama lililo katikati ya tangi. Kama maji yanafika mdomo wake na kuingia, boya limewekwa juu sana, literemshe.

Nyumba nne kati ya tano bakuli lilibaki jeupe. Moja ikawa nyekundu. Ilikuwa yangu.

Sijui kama mmewahi kusimama juu ya choo mkiona aibu. Nilifunga koki ya choo, nikaweka alama, nikasubiri nusu saa nyingine. Maji yalishuka sentimita nne, kama lita mbili na nusu. Ukipiga hesabu ni karibu lita 115 kwa siku, mitungi kama sita. Mathe aliwahi kuniambia mzigo mmoja wa nguo unamla mitungi minne, mitano. Yaani choo changu kilikuwa kinafua mzigo wa mtu kila siku, bila nguo, na mimi ndiye niliyeshika kamera.

Raba mpya ilinigharimu shilingi 150. Kuibadilisha ni dakika kumi, na sina kipaji chochote cha ufundi.

Lakini lita 115 kwa siku si lita 1,440. Kuvuja kwingine kulikuwa bado. Tulifunga koki za ndani za nyumba zote tano za safu ile, na ile tupu ya chini ilikuwa imefungwa tangu zamani, na bado tangi la juu lilishuka. Hapo sasa unajua tatizo halipo kwa mfereji wala choo cha mtu. Liko kwa paipu yenyewe, kabla haijafika koki za nyumba. Guka akatoa bisibisi ndefu. Unaweka ncha kwa paipu au kwa ukuta, unaweka sikio kwa mpini, unaziba sikio lile lingine. Mafundi wa zamani wamefanya hivi miaka na miaka. Maji yanayotoka kwa tundu kwa nguvu yana sauti, kama soda uliyofungua mbali kidogo. Paipu ya plastiki haibebi sauti vizuri kama ya chuma, kwa hivyo lazima uwe na subira, na lazima iwe usiku. Orofa ya nne, kimya. Ya tatu, kimya. Kwangu, labda. Chini kabisa, nyuma ya sinki la nyumba tupu, nilisikia kama mtu anakaanga kitunguu ndani ya ukuta.

Nyumba tupu. Ile ya Mathe.

Fundi alikuja, akatoboa plasta. Ile kona ya paipu ya kijani haikuwa imeunganishwa sawa na moto tangu siku ya kwanza, na ilikuwa imeachia. Maji yalikuwa yanateremka ndani ya matofali yenye uwazi mpaka kwa msingi, yanaingia udongoni. Ndiyo maana hakuna mtu aliyewahi kuona dimbwi. Ukuta wa nje ulikuwa na ile chumvi nyeupe inayochanua kama unga, na ndani rangi ilikuwa imevimba na kuvu nyeusi kwa pembe. Fundi, paipu na simiti, vyote vilifika elfu tatu.

Sasa sikizeni. Nilirudi kwa grupu ya WhatsApp nikasoma nyuma, miezi mitano. Na iko pale. Picha ya ukuta, rangi imetoka malengelenge, na maneno yake: "Ukuta wangu unalowa chini ya sinki na situmii maji hapo. Tafadhali mtu aangalie, mtoto anakohoa." Jibu la kwanza: "Punguza kufua Mathe." Halafu vicheko vitatu. Kimoja ni changu.

Mtu mmoja tu kwa ploti ya watu labda sitini alikuwa amegundua kuvuja. Alileta na ushahidi. Na sisi tukamgeuza ushahidi.

Kwa hivyo maoni yangu, na najua mtu atasema natafuta watu wa kulaumu pamoja nami: shida si kwamba hatuna vifaa. Rangi ya keki, chaki, bisibisi, simu. Ukiacha simu, hakuna kitu hapo cha bei kubwa. Siku hizi kuna mafundi wenye kamera ya joto na vifaa vya kusikiliza chini ya simiti, na kuna wanaofunga paipu na kuijaza presha kisha wakatazama kama mshale wa geji utashuka. Vizuri, waite kama umekwama. Lakini sisi hatukukwama kwa sababu ya vifaa. Tulikwama kwa sababu bili ya kugawanya inafanya kila mtu alipe kidogo, na kidogo hakimwamshi mtu usiku. Lando halipi chochote, kwa hivyo hana haraka. Mpangaji analipa sehemu moja ya ishirini ya tundu, kwa hivyo kumchukia jirani ni rahisi kuliko kupanda paa. Tofauti yote iliyotufanya tumchukie mwanamke yule ilikuwa shilingi 250 kwa mwezi. Hizo nazitumia kwa smokie na chapo wiki moja na sikumbuki.

Kuna watakaosema dawa ni kila nyumba kuwekewa mita yake. Nakubali nusu. Kama nyumba yangu ingekuwa na mita, choo changu kingeniumbua mwezi wa kwanza, na nilistahili. Lakini ile kona ya ukutani ilikuwa kabla ya koki za nyumba, kwa hivyo ingekuwa kabla ya mita pia. Nina marafiki Kasarani na Roysambu wenye mita zao, na kila mwezi wanaongezewa kitu kinachoitwa "maji ya ploti." Ni nini hicho? Ni tofauti kati ya mita kubwa na jumla ya mita ndogo. Kidogo ni kuosha ngazi. Kingine ni tundu la mtu mwenye paipu, limewekwa jina zuri na kurudishwa kwako. Mimi nasema tofauti hiyo ailipe mwenye paipu. Ataitafuta haraka sana, nawaambia.

Na kabla lando hajakubali hilo, na hatakubali leo, omba kitu kimoja kidogo: picha ya mita kila mwezi, siku ile ile, kwa grupu. Si bili. Picha. Ukiona yuniti zimeruka na watu ni wale wale, hiyo si tabia ya mtu. Watu hawaanzi kuoga mara mbili zaidi kwa siku moja.

Unapoenda kuangalia keja mpya pia, wacha kuangalia mwanga wa picha kwanza. Fungua kabati ya sinki, pitisha mkono nyuma, guswa ukuta. Gonga taili za bafuni kwa kidole. Zikitoa sauti tupu na ukuta wa upande wa pili umelowa, uliza. Angalia rangi mpya iliyopakwa kipande kimoja tu cha ukuta, hiyo huwa inaficha kitu. Na tafadhali, kama unyevu uko karibu na soketi au na waya za instanti ya bafuni, zima stima kwa swichi kubwa na umwite fundi wa stima. Usipime kwa kidole kama unavyoona watu wakifanya. Maji na stima hazijui kama wewe ni mjanja.

Nilifuta ile video. Kuifuta hakufanyi chochote, watu walishaihifadhi na bado naiona ikipita na majina ya watu wengine. Niliweka nyingine ya kueleza, ya dakika tatu, na choo changu chekundu ndani yake. Ilitazamwa na watu wachache sana. Sawa tu.

Guka alikuwa na namba ya Mathe. Anaishi Githurai sasa. Nilienda Jumapili, nikabeba sukari na unga kwa sababu sikujua mtu anabeba nini siku kama hiyo. Alinikaribisha, akanipa stuli. Nikamwambia kila kitu: tangi, chaki, choo changu, kona ya paipu nyuma ya sinki lake. Alisikiliza bila kunikatiza, akiendelea kukunja nguo za mtu. Nikaomba msamaha. Hakusema amenisamehe, na sikumlazimisha.

Alichouliza ni hiki: "Sasa kijana wangu, ile dipoziti yangu?"

Sikuwa najua. Alipohama, lando alikuwa amekata shilingi 4,000 kwa dipoziti yake. Sababu iliyoandikwa kwa karatasi, amenionyesha, anaiweka ndani ya Biblia: "Kuharibu ukuta wa jikoni."

Tumeongea kwa ploti. Si wote wanataka. Wengine wanasema mambo yameisha, bili imerudi 470, kwa nini tuchokoze. Lakini Jumamosi hii tunaenda kwa lando watu saba, Guka akiwemo, na nimemwambia afikirie vizuri kwa sababu yeye ana kazi ya kupoteza. Amesema atakuja. Tunabeba picha za mita, picha ya ile kona iliyokatwa, na ile meseji ya miezi mitano nyuma, yenye tarehe, pamoja na vicheko vyetu vitatu chini yake.